Hakathoni za akili mnemba kwa wanafunzi: yanayosemwa Mbeya na Iringa, na yalivyo kweli

Mwalimu akitangaza kwenye kikao cha wazazi kwamba shule itapeleka timu kwenye hakathoni ya akili mnemba (AI), ukumbi hugawanyika. Wapo wanaoingiwa na hofu, na wapo wanaoona mtoto atarudi nyumbani na kampuni. Nafundisha kompyuta sekondari hapa Mbeya na huwa nasaidia kuandaa timu, kwa hiyo maneno haya nimeyazoea. Mengine hayahitaji jibu refu. Mengine yanalihitaji, hasa yale ambayo hata walimu wanayaamini.

“Wanafundishwa kudukua akaunti za watu”

Hapana. Hakathoni ni siku moja, mbili au tatu ambazo timu ndogo hukaa sehemu moja, zikachagua tatizo na kutengeneza kitu cha kulitatua kabla muda haujaisha. Mkutano wa mwanzo kuitwa kwa jina hilo ulifanyika Calgary, Kanada, Juni 1999, watengenezaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD walipokutana kufanyia kazi usalama wa mawasiliano. Walikuwa wanaimarisha ulinzi, si kuuvunja. Mzazi anayehofia hela zake za kwenye simu aangalie kwingine: matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hawajawahi kuhitaji hakathoni.

“Ni mambo ya PCM”

PCM ni mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu. Kama ni mambo yao, inategemea mashindano gani. Olimpiadi ya Kimataifa ya Akili Mnemba, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Burgas, Bulgaria, Agosti 2024, kweli inataka hesabu na uandishi wa programu wa kiwango cha juu. Maonesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, ni kitu kingine tena: pale mwanafunzi analeta utafiti alioufanya kwa muda mrefu. Hakathoni ni kazi ya timu. Mmoja aandike programu, sawa, lakini lazima awepo anayelijua tatizo lenyewe, na anayeweza kusimama mbele ya majaji akaeleza kwa dakika chache bila kukariri. Binti wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) aliyekulia kwenye viazi vya Uporoto, milimani hapa Mbeya, ana thamani kubwa kuliko mvulana wa tatu wa PCM anayejua yale yale wanayojua wenzake wawili.

“Bila kompyuta za maana na intaneti kali, shule za huku zisijisumbue”

Modeli ni programu inayojifunza kutoka kwenye mifano. Mwaka 2012 ile iliyobadilisha kazi yote ya utambuzi wa picha, AlexNet, ilifundishwa kwa kadi mbili za michoro za GTX 580, zile zinazonunuliwa na wacheza gemu. Ilichukua siku 5 hadi 6. Hiyo ilikuwa kuanzia sifuri, kwa zaidi ya picha milioni moja. Mwanafunzi wa leo haanzii sifuri. Anachukua modeli ndogo iliyokwisha kujifunza kutazama picha za kila aina, kisha anaiongezea somo moja tu, tuseme majani ya mahindi. Kwa Teachable Machine ya Google, somo hilo linafanyika ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta ile ile ya shule, na intaneti inahitajika zaidi kufungua ukurasa.

Mfano wa karibu na sisi upo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi iliyotumia picha 2,756 za majani ya mihogo zilizopigwa kwenye mashamba ya Bagamoyo. Wakachukua modeli iliyokwisha kufundishwa, wakaifundisha tena kutambua magonjwa matatu na madhara ya wadudu wa aina mbili. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State na washirika wake, IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki) na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa). Mkulima anaielekeza simu ya kawaida ya Android kwenye jani, nayo inajibu pale pale shambani hata kama hakuna mtandao.

Vikwazo vya kweli ni vya chini zaidi ya hapo. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo picha zote zinapigwa kwa simu ya mwalimu, ambayo nafasi imejaa video za harusi. Umeme unakatika saa moja kabla ya kuwasilisha. Haya yanatatulika kwa kujipanga, si kwa kompyuta ya bei mbaya.

“Modeli yetu ina usahihi wa asilimia 99, tumeshashinda”

Hapa ndipo timu nyingi zinapoanguka, na mara nyingi zinaanguka zikiwa zinashangilia.

Chukua picha 100 za majani ya viazi mviringo: 90 ni mazima, 10 yana baka chelewa, ule ugonjwa unaoweza kumaliza shamba zima mvua na baridi vikikutana. Modeli isiyojua chochote, inayojibu “zima” kwa kila jani, inapata asilimia 90. Haijatambua hata jani moja lenye ugonjwa. Jaji mzuri haulizi asilimia ngapi, anauliza: kati ya yale kumi, mmekamata mangapi?

Kosa la pili limejificha zaidi. Mwanafunzi anapiga jani moja picha nane, kwa pembe tofauti, kwa sababu mwalimu amesema data ziwe nyingi. Programu inazichanganya zote kwa bahati nasibu: tano zinaangukia kundi la kufundishia, tatu kundi la kupimia. Modeli sasa inapimwa kwa jani ambalo imeshaliona. Ni sawa na kumtungia mtahiniwa mtihani kutoka kwenye daftari lake mwenyewe. Dawa yake ni rahisi lakini inauma: gawanya kwa mashamba, si kwa picha. Shamba la kwanza lote liende kwenye kufundishia, la jirani lote kwenye kupimia. Asilimia itashuka, na wanafunzi watanuna. Waache wanune.

Tena kuna mandharinyuma. Majani mazima yamepigwa asubuhi kwenye bustani ya shule, juu ya karatasi nyeupe ya daftari. Yenye ugonjwa yamepigwa mchana huko Uporoto, yakiwa bado kwenye mmea, nyuma yake udongo mweusi. Modeli haina sababu ya kuhangaika na madoa ya ugonjwa wakati rangi ya udongo inaipa jibu bure.

Haya hayawapati wanafunzi peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia picha 54,306 za mimea 14, viazi na mahindi vikiwemo, nyingi zikiwa za jani moja lililochumwa na kulazwa juu ya kitu cha rangi moja. Modeli ilipata asilimia 99.35 kwenye picha zilizotoka mkusanyiko ule ule. Watafiti hao hao, kwa uungwana wao, waliijaribu kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine: ikashuka hadi asilimia 31 na kidogo. Timu inayokwenda kwenye mashindano ikiwa na asilimia 71 iliyopimwa kwenye shamba la mtu mwingine imefanya kazi kubwa kuliko yenye 99 ya mezani.

Kabla ya yote hayo lipo swali linaloniudhi kwa jinsi linavyosahaulika: nani amesema jani hili lina baka chelewa? Jani linaweza kuwa na madoa kwa ugonjwa mwingine, au kukauka kwa kukosa madini. Wanafunzi wakibandika majina kwa kukisia, modeli itajifunza kukisia kwao kwa uaminifu kabisa. Sisi wa Mbeya hatuna kisingizio, maana TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapa hapa, na kata nyingi zina afisa ugani. Nusu siku ya mtu anayejua magonjwa, akipanga majani kwenye mafungu, ina faida kuliko wiki nzima ya kubadilisha mipangilio ya modeli.

“Siku hizi ChatGPT inafanya yote”

Inaandika programu, ndiyo, na mara nyingi inakimbia vizuri. Mara nyingine inakuletea maktaba ya programu (mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyo tayari kutumika) isiyokuwepo, kwa kujiamini kuliko mwanasiasa. Ila haijawahi kwenda shambani kwenu. Haina picha za majani yenu, na haijui kwamba mkulima mliyeongea naye hataki kujua jina la ugonjwa. Anataka kujua kama apulize dawa leo au asubiri. Mashindano mengine yanaruhusu zana hizi na mengine hayaruhusu, soma kanuni. Kwa timu yangu kipimo ni kimoja: mstari wowote wa programu ambao mwanafunzi hawezi kuueleza, unatoka.

“Picha za wenzetu darasani ni zetu, tuzitumie tu”

Mfumo wa mahudhurio unaotambua sura ni wazo linalopendwa mno na wanafunzi, sijui kwa nini, maana wao ndio utakaowakamata. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto zina ulinzi wa ziada. Ridhaa ya mzazi si adabu tu. Halafu kuna usahihi wenyewe. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa sura: kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Mimi huwarudisha kwenye mimea. Jani halina mzazi wa kusaini fomu.

“Itawapotezea muda wa masomo”

Inaweza, ikipangwa vibaya. Kidato cha sita wana mtihani Mei na cha nne Novemba, kwa hiyo timu iwe ya kidato cha tatu na cha tano. Likizo ya Juni inafaa kwa hakathoni yenyewe. Tatizo ni kwamba Juni mvua za Nyanda za Juu Kusini zimeshakatika, na baka chelewa linataka majani yaliyolowa. Iringa unaweza kuhangaika kwenye vinyungu, bustani za mabondeni zenye unyevu, ukapata mawili matatu. Shamba la mlimani utakuta mabua makavu. Picha zipigwe Februari na Machi, wakati wa mvua, mchana wa Jumamosi, na kila picha iandikwe shamba ilikotoka siku hiyo hiyo. Ikifika Juni hakuna atakayekumbuka.