Je, wajua kwa nini Judit Polgár hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa wanawake?

Katika orodha ya mabingwa wa dunia wa sataranji upande wa wanawake, jina la Judit Polgár wa Hungaria halimo. Inashangaza, kwani tangu Januari 1989, akiwa na miaka 12, hadi alipostaafu mwaka 2014, ndiye mwanamke aliyeongoza duniani kwa pointi za kupimia uwezo wa mchezaji. Dada yake mkubwa, Zsuzsa, alilitwaa taji hilo mwaka 1996. Judit hakuligombea hata mara moja.

Mashindano makuu ya sataranji yako wazi kwa jinsia zote. Ya wanawake yametengwa pembeni. Baba yao, László, aliyewasomesha mabinti zake watatu nyumbani kule Budapest, aliamini mtoto hupanda kufikia kiwango cha anaocheza nao. Hesabu ya pointi nayo inamuunga mkono: ukimfunga aliye chini yako sana unaambulia kidogo mno, na mkitoka sare unapunguziwa. Basi baada ya kuisaidia Hungaria kutwaa dhahabu ya Olimpiadi ya wanawake, mashindano ya sataranji ya timu za taifa, mwaka 1988, aliposhinda michezo 12 na kutoka sare mmoja, na tena mwaka 1990, Judit akahamia kwa wanaume moja kwa moja.

Desemba 1991 alitwaa ubingwa wa taifa mbele ya wanaume na kuwa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji, akiwa na miaka 15 na miezi 4. Rekodi ya grandmasta mdogo zaidi, ya Mmarekani Bobby Fischer ya mwaka 1958, ikavunjika.

Huko alikohamia hakupewa cha bure. Mwaka 1994, mjini Linares, Hispania, bingwa wa dunia Garry Kasparov alimsogeza farasi, akaona amekosea, akampeleka kwingine. Kanuni iko wazi: ukishaiachia kete, umecheza. Kamera ilionyesha vidole vyake vilimwachia farasi kwa robo ya sekunde. Judit, msichana wa miaka 17, hakulalamika, na akafungwa. Mchezo ule bado unaniuma.

Septemba 2002 wakakutana Moscow, katika sataranji ya muda mfupi. Malkia wote wawili walitoka ubaoni mapema. Kasparov alimla malkia wa Judit kwa kumtumia mfalme, na mfalme akishatembea hana tena ruhusa ya kuruka kwenda kujificha nyuma ya ngome. Akabaki katikati ya ubao, ngome za Judit zikimwandama, hadi hatua ya 42 Kasparov akakubali kushindwa. Wakati huo ndiye aliyekuwa namba 1 duniani.

Mwaka 2005 Judit alifikisha pointi 2735 na nafasi ya 8 duniani, wanaume kwa wanawake. Mwaka huohuo, San Luis, Argentina, alikuwa mmoja wa wachezaji wanane waliogombea ubingwa wa dunia wa FIDE, shirikisho la sataranji duniani. Alishika mkia, lakini hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kufika meza ile, wala kuvuka pointi 2700.