Mpe mbwa wako cha kutafuna, lakini siyo mfupa wa supu

Wafugaji wengi wanaotuletea mbwa hapa Tabora wanakuja kwa ajili ya chanjo, kupe au kidonda. Kinywa hakitajwi kabisa. Ukimnyanyua huyo mbwa mdomo wa juu na kutazama magego ya nyuma, unakuta gamba la kahawia limeshuka kutoka kwenye ufizi hadi katikati ya jino, na ufizi wenyewe umevimba, ukiugusa kwa pamba unatoa damu. Mwenye mbwa husema, "Hiyo harufu si ndiyo kawaida ya mbwa, daktari?" Hapana. Mbwa mwenye kinywa kizima ana harufu ya chakula alichokula, hanuki uvundo. Uvundo maana yake kuna kinachooza.

Mbwa mkubwa ana meno 42: 20 juu na 22 chini. Mtoto wa mbwa ana meno ya utoto 28, nayo hubadilika kati ya miezi mitatu na saba. Kila anapokula, bakteria hujipanga juu ya jino wakatengeneza ukoga, ule utando laini unaoweza kuukwangua kwa ukucha. Usiposuguliwa, ndani ya siku mbili tatu madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga. Tindikali kwenye mate ya mbwa ni ndogo kuliko kwenye mate yetu. Ndiyo maana ni nadra kuona jino la mbwa limetoboka, lakini ugaga kwake hujengeka upesi. Ugaga una mikwaruzo, unashika ukoga mpya juu yake, na bakteria wanajipenyeza chini ya ufizi. Hapo ufizi unawaka. Hatua hiyo bado inarudi nyuma ukisafisha. Ikivukwa, nyuzi na mfupa vinavyoshika jino huanza kuliwa, na mfupa ulioliwa haurudi.

Sasa mbwa wetu wengi wanakula nini? Ugali na dagaa, au makombo ya wali yaliyolowekwa mchuzi. Chakula hicho kinamshibisha, lakini anakimeza kwa dakika mbili na hakuna jino linalofanya kazi. Hapo ndipo kitu cha kutafuna kinapohitajika: kitu ambacho jino linazama ndani yake, kinasugua ubavu wa jino mpaka karibu na ufizi, na kinamshughulisha robo saa badala ya nusu dakika. Kazi yake ni ya kusugua tu. Kwa vile vya kawaida hakuna dawa ndani yake, hata muuzaji akisema nini. Tena inafika kwenye magego zaidi. Meno ya mbele na chonge hayasuguliki sana, na chini ya ufizi haifiki kabisa. Kwa hiyo cha kutafuna kinazuia. Mbwa ambaye tayari ufizi wake umejitenga na jino hatibiwi kwa kutafunishwa, anaumizwa.

Kipimo cha kwanza cha kitu chochote unachotaka kumpa ni ukucha wako. Kibonyeze kwa ukucha wa dole gumba. Ukiacha alama, jino litaweza kuzama. Usipoacha alama, weka kando. Pembe ya ng'ombe haibonyei, kwato haibonyei, mfupa wa paja haubonyei. Mbwa akiving'ata, linalopasuka ni gego kubwa la juu, lile analokatia nyama, na hupasuka ubavuni kipande kikatoka kama kigae. Mbwa hulalamika kidogo siku hiyo, kesho anakula kama kawaida, basi nyumbani wanasahau. Wiki au miezi baadaye uvimbe unatokea chini ya jicho, unapasuka na kutoa usaha. Watu wanadhani kaumwa na nyuki au kagombana na mwenzake, wanampulizia dawa ya vidonda. Unakauka, unafunguka tena, unakauka. Ukiona kidonda cha namna hiyo chini ya jicho la mbwa, usihangaike na ngozi. Mfungue mdomo uangalie gego la upande huohuo.

Mifupa iliyopikwa ina hatari nyingine. Ile ya makongoro, ya supu ya asubuhi, ya kuku wa kienyeji, imeshakaushwa na moto. Ikivunjika inatoa ncha kali. Ncha hiyo hukwama kati ya meno mawili, huchoma kaakaa, au huteremka ikatoboa utumbo. Wenye vibanda hutupa mifupa hiyo kwa nia njema, na mbwa wa mtaa mzima wanaijua saa yake.

Najua jibu linalokuja: mbwa mwitu je, hawali mifupa porini? Wanakula. Na mafuvu ya mbwa mwitu wa Afrika yaliyochunguzwa na wataalamu yamekutwa na meno yaliyovunjika, yaliyolika, na dalili za ugonjwa wa fizi pia. Ni kweli kwamba mfupa mbichi hubandua ugaga. Lakini kubandua ugaga na kupoteza gego ni biashara mbaya, kwa maoni yangu, hasa kwa mbwa wa ulinzi unayetaka akae nawe miaka kumi.

Cha kumpa kipo mjini hapahapa, na hakina bei kubwa. Nenda bucha inayouza nyama iliyopigwa mhuri wa ukaguzi, uulizie kano za miguu, koromeo, au masikio ya ng'ombe yaliyonyolewa. Vichemshe vizuri kwanza, maana kuchemsha kunaua mayai na mabuu ya minyoo pamoja na bakteria wa kuharisha. Kisha vining'inize juani kwenye waya, ndani ya chandarua dhidi ya nzi, mpaka vikauke kwa nje huku vikipinda ukivikunja. Koromeo ni zuri zaidi kwa mbwa mdogo kwa sababu ni gegedu na linavunjika bila ncha. Ngozi mbichi ya ng'ombe siipendekezi. Ikilowa inavimba na kuwa donge, mbwa anaweza kukabwa nalo, na zile za banda la ngozi huwa zimetiwa chumvi, pengine na dawa ya wadudu.

Upande wa mazao, tuna viazi vitamu. Michembe ya kawaida haifai kwa kazi hii: hukatwa myembamba na ikikauka sawasawa inagonga kama kokoto, ukucha hauingii. Kata kiazi kwa urefu, unene wa kidole, kichemshe mpaka kilainike kidogo, anika siku mbili au tatu, ukitoe kingali kinapinda bila kukatika. Chenye madoa ya kuvu tupa, wala usiseme ni cha mbwa tu. Sumukuvu inaharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la mtu. Karoti mbichi nzima inafaa, hata kama haisugui kama kano. Muhogo mbichi usimpe, hasa ule mchungu, una sumu.

Msimu wa embe ndio unaotupa kazi. Chini ya miembe ya Tabora kokwa zimejaa, zina nyuzi na utamu, na mbwa huzipenda. Kokwa likilowa mate huteleza, likafika tumboni zima, na likikwama kwenye utumbo mbwa anatapika kila anachokunywa, hapati choo, na siku chache tu anakufa asipopasuliwa. Magunzi ya mahindi hufanya vilevile. Fagia uwanja kabla hujamfungulia jioni.

Mbwa anayefungwa mchana kutwa bila cha kutafuna hujitafutia mwenyewe. Anatafuna mnyororo, au wavu wa banda. Mkague chonge upande wa nyuma: utaona mfereji umechimbika, jino limebaki jembamba, siku moja linakatika akiwa anabweka tu. Huyo anahitaji kutembezwa na kupewa kano, na mnyororo uondolewe kinywani kwake kwa kumjengea banda lenye ubao.

Jambo moja siwezi kulipita haraka. Watu wanaona mapafu na maini yenye malengelenge machinjioni, au nyumbani wakati wa shughuli, wanawarushia mbwa. Hayo malengelenge ni mabuu ya tegu mdogo sana, asiyezidi milimita saba akikomaa. Akiingia kwenye utumbo wa mbwa anataga mayai yanayotoka na kinyesi, yananata kwenye manyoya, na mtoto anayecheza na mbwa anayala bila kujua. Kwa binadamu yanajenga uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unaokua taratibu kwa miaka, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Kwa hiyo nyama za ndani zilizokataliwa zichomwe au zifukiwe shimo refu, na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo wa kata yako. Anayetafuta cha kutafuna asianzie kwenye jaa la machinjio.

Na hili ni la hatari zaidi. Mbwa akionekana ghafla anatoa udenda, taya limelegea halifungi, anashindwa kumeza, wengi wanasema, "Kakwamwa na mfupa," wanaingiza mkono kuutafuta. Kichaa cha mbwa kina sura hiyohiyo kinapoanza kupooza misuli ya taya na koo. Usiingize mkono. Mfungie mahali, watoto wakae mbali, mpigie ofisa mifugo. Aliyekwishang'atwa, au aliyeguswa na udenda kwenye kidonda, aoshe sehemu hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuanza chanjo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili hauna tiba. Mbwa unayetaka kumzoesha kukaguliwa kinywa awe amechanjwa kwanza, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika. Mzoeshe angali mdogo: mnyanyue mdomo wa juu, tazama magego pande zote mbili, mwachie, msifie. Ukiweza, msugue na kitambaa safi kilicholowa au mswaki laini wa mtoto, kwa maji matupu. Dawa ya meno ya binadamu asipewe, kwa sababu mbwa hatemi, anameza. Baadhi zina floridi nyingi kwake, nyingine zina zailitoli, utamu ambao kwa mbwa ni sumu. Ugaga uliokwisha kuganda usiukwangue kwa kisu wala bisibisi. Unakwaruza jino, unamuumiza, na chini ya ufizi hufiki. Kusafisha kwa kweli hufanywa mbwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi, na wanaohitaji kung'olewa gego lililopasuka tunaweza kuwaelekeza kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Safari ndefu, naam.

Unapompa kano au koromeo, chagua kipande kirefu kuliko mdomo wake ili asikimeze, na kaa karibu. Wenye mbwa wawili wawatenganishe, kila mmoja kona yake, la sivyo yule mnyonge anameza bila kutafuna kwa kuogopa kunyang'anywa. Mara tatu nne kwa wiki zinatosha, na ugali wa siku hiyo upunguzwe kidogo asije akanenepa. Kikibaki kipande cha kumezeka, usimvute kwa nguvu. Mtupie dagaa wachache pembeni, na akishaenda kuwala, kiokote.