Pampu Ikifa, Mwananchi Abishe Mlango wa Nani?

Tangu nianze kutafiti siasa za misaada hapa Mombasa, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: pesa ziliingia ngapi? Ni swali la haki, lakini mimi hunisumbua jingine. Mradi ukiharibika, mwananchi amwendee nani?

Lilinishika hasa Likoni, kwenye kioski cha maji kilichojengwa kwa ruzuku kutoka nje. Nilipofika, bomba lilikuwa kavu, na kina mama wamerudi kununua maji ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa bei inayouma kuliko ile ya kioski. Mama aliyekuwa akikisimamia alinikaribisha ndani, akanitolea daftari. Kila siku ameandika mitungi iliyouzwa, pesa zilizoingia, na nani kakopa atalipa Ijumaa. Miaka mitatu, mwandiko uleule, hakuna siku iliyorukwa. Pampu ilipokufa alimpigia simu afisa wa mradi, akajibiwa kwamba mradi umeshafungwa. Akaenda ofisi ya serikali. Huko akaambiwa kioski hicho hakimo kwenye orodha yao.

Wote wawili walimwambia kweli, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Ruzuku nyingi hazipiti kwenye bajeti ya serikali: mfadhili hulipa shirika, shirika hutafuta mkandarasi, na ripoti hupanda kwa njia ileile pesa ziliyoshukia. Mwaka 2005, nchi wafadhili na nchi wapokeaji zilikubaliana katika Azimio la Paris kwamba misaada ifuate mipango ya nchi inayosaidiwa na itumie mifumo yake ya fedha. Yule afisa, hata hivyo, anasubiriwa ripoti na mfadhili. Mama wa Likoni hana uwezo wa kumwajiri wala kumfuta. Simlaumu kijana wa watu. Ndivyo kazi yake ilivyopangwa.

Sasa tazama mikopo, ambayo watu wanaichukia, na wana sababu, maana italipwa na wanetu. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka hapa hadi Nairobi. Treni za abiria zilianza 2017, mikataba ikabaki kabatini. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa wakiwa na Kifungu cha 35 cha Katiba, haki ya kupata habari. Mei 2022 mahakama ikaamuru serikali itoe mikataba, na Novemba mwaka huohuo Waziri wa Uchukuzi akaiweka hadharani ile ya mikopo. Ilichukua miaka, lakini kulikuwa na mlango wa kubisha. Benki ya Dunia nayo, ambayo mkopo wake unagharamia bwawa la Mwache kule Kwale, ina Jopo la Ukaguzi tangu 1993. Hata watu wawili walioathiriwa na mradi wanaweza kupeleka malalamiko huko.

Sisemi tukope zaidi. Nasema kitu cha bure kimezoeleka kuulizwa maswali machache, na anayeumia ni yule aliyekitegemea. Tuliliona hilo wazi mwaka 2025: Januari Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imeacha kuiendesha. Uamuzi ulifanywa Washington, na mgonjwa anayechukua dawa zake Changamwe hapigi kura Washington.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijauliza bajeti ya mradi wowote, nauliza kwanza pampu itakuwa mali ya nani mfadhili akishaondoka, na kama kaunti imeiandika kwenye orodha yake. Mara nyingi watu hutazamana kwanza.

Kabla sijaondoka Likoni nilimuuliza yule mama kama kuna mtu wa mradi aliyewahi kulisoma daftari lake.

“La, mwanangu,” akasema. “Walipiga picha bomba, na watoto wakinywa. Hili hakuna aliyeniomba.”

Akalifunga kwa mpira, akalirudisha juu ya kabati.