Kontakti hailainishwi: maana ya kulainisha kwenye mfumo wa cheche

Kulainisha, kwa fundi wa pikipiki, ni kuweka utando wa oili au grisi kati ya vitu viwili vinavyosuguana ili visilane. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Kinachosumbua ni agizo linalosikika kila pikipiki ya zamani inapofunguliwa kifuniko cha cheche: "Lainisha kontakti." Kontakti ni swichi ndogo inayounga na kukata umeme wa koili, ile inayokuza umeme wa plagi, ili cheche itoke.

Laini tumelipata kwa Waarabu, kutoka layyin. (Laini ya simu ni neno jingine kabisa, hilo limetoka kwa Waingereza.) Kwetu limebeba maana mbili: kitambaa laini ni kisicho kigumu, ukuta laini ni usiokwaruza. Ndiyo maana seremala akisikia "lainisha" anashika msasa, na fundi pikipiki anashika kopo la mafuta. Sasa, kontakti iliyofanya kazi muda mrefu huwa na kishimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili. Agiza ilainishwe: mmoja ataipiga msasa, mwingine ataipaka grisi, na wote wawili watakuwa wamegusa pasipotakiwa, yaani zile nyuso mbili za tungsteni zinazounga na kukata umeme.

Mafuta yakikaa pale yanaunguzwa na vicheche vidogo na kuacha masizi. Umeme wa koili unapungua, injini inaanza kukohoa. Msasa nao unaacha chembe zake ndani ya chuma. Nyuso hizo husafishwa tu: tumia tupa nyembamba ya kontakti kwa kile kichuguu, kisha karatasi ngumu yenye spiriti ivutwe katikati mpaka itoke nyeupe.

Kinacholainishwa ni kamu, kile chuma chenye nundu kinachozunguka na kuifungua kontakti. Chukua Triumph Bonneville T120 ya 1968. Kamu ya kontakti imefungwa mwisho wa kamshafti ya ekzosi (mhimili unaofungua vali za moshi), hivyo inazunguka nusu ya mwendo wa kranki, mhimili mkuu wa injini. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, kila kontakti inafunguka mara 50 kwa sekunde, na kila mara kisigino chake, yaani sehemu ya mkono wake inayogusa kamu, kinaburuzwa juu ya chuma. Kisigino kikavu kinalika. Kikilika, pengo la kontakti, ambalo linatakiwa liwe kama 0.35 hadi 0.40 mm, linazidi kubana; kontakti inachelewa kufunguka, cheche inachelewa, pikipiki inakosa nguvu mlimani na lawama zote zinaenda kwa kabureta.

Felti (kipande cha kitambaa kinachofyonza oili) inayogusa kamu itie matone mawili ya oili ya injini, yasizidi. Kama felti haipo, paka grisi isiyoyeyuka kwa joto, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, kwenye kisigino upande ule ambao nundu ya kamu inakujia. Grisi ya kawaida ya chesisi haifai hapa: ikipata moto inayeyuka na kurushwa moja kwa moja kwenye kontakti. Pini inayobeba mkono wa kontakti inatosha tone moja.

Nyuma ya bamba linaloshika kontakti kuna vizito viwili vyenye springi, vinavyowahisha cheche mwendo unapopanda. Navyo vinataka tone moja moja kwenye pini zao. Vikikwama vikiwa vimefunguka, injini inabaki juu hata ukiachia mafuta, na kiki inakurudishia mguu kwa nguvu. Shika kamu kwa vidole, izungushe kidogo, iachie: irudi yenyewe, upesi, bila kusita.

Ukimaliza kupima pengo, pitisha tena ile karatasi yenye spiriti, kwa sababu fila geji, kile kibapa chembamba cha kupimia pengo, yenyewe huwa na mafuta.

Kwa hiyo ukimwelekeza kijana gereji, mwambie alainishe kamu na asafishe kontakti. Na ukikuta pameandikwa "lainisha kontakti", pasome "lainisha kamu ya kontakti". Aliyeandika huenda alikusudia hivyo hivyo.