Sanduku la Kuokea Nyama: Mkaa Hukaa Juu

Wateja wanaokuja karakana kuagiza sanduku la kuokea nyama huniuliza jambo lile lile: trei ya mkaa itakaa wapi chini ya nyama? Nikijibu kwamba mkaa hukaa juu ya kifuniko, wengi huanza kunifundisha kazi, wakidai kuwa joto hupanda na kwa hiyo moto wa juu hauivishi kitu.

Kinachopanda ni hewa ya moto. Chuma kilichopata moto hutoa mnururisho kuelekea pande zote, chini ikiwemo, na sanduku hili limebuniwa kwa ajili hiyo: kifuniko humulikia nyama joto kutoka juu, bati lililozungushwa ndani ya kuta za mbao hulirudisha, na hewa iliyofungiwa haina pa kutorokea. Mkaa ukiwekwa chini, mafuta huudondokea, miali huruka, na nyama huungua nje ilhali karibu na mfupa bado ni mbichi. Ukiwekwa juu, mafuta huangukia trei tupu, na mbuzi mzima huiva bila kuguswa na mwali hata mmoja. Wakuba wa Miami, ambao huliita sanduku hili caja china, huoka nguruwe mzima kwa njia hiyo. Kinachonishangaza ni kwamba wabishi wakubwa ni watu waliolelewa kwa mkate wa kumimina, ambao tangu zamani huivishwa juu kwa makaa yaliyopaliwa kwenye kifuniko.

Wapo pia wanaoniletea bati la kuezekea wakisema kwamba likichomwa mara moja zinki yake huisha na bati huwa salama. Hilo silikubali. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho bati lililobeba mkaa uliokolea linaweza kufikia, na mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri homa inayoletwa na mafusho yake. Nunueni bati la chuma lisilopakwa kitu.

Kuhusu harufu ya moshi, sanduku haliitoi, kwa kuwa mkaa uko nje ya chumba cha nyama. Anayeitaka achome nyama yake kwenye wavu. Na mkaa usiotoa moshi haujawa salama ndani ya nyumba, kwa maana monoksidi ya kaboni haionekani wala hainuki, nayo huua.

Kufunua kila mara "kuangalia" nako hakuharakishi chochote, bali hupoteza joto lote lililokusanyika. Chomekeni kipimajoto chenye waya kwenye sehemu nene ya nyama, bila kugusa mfupa, na kwa kuku msubiri nyuzi 74. Kifuniko kiinuliwe tu wakati wa kumwaga jivu, kazi ambayo wengi huidharau ingawa jivu lililorundikana chini ya mkaa huzuia joto kushuka. Lipokeeni kwa ndoo ya chuma, kamwe si ya plastiki.