Ramani ya WiFi ndani ya jengo: dhana potofu kuhusu kazi "isiyo na mpimaji"

Kwa wiki kadhaa nilitembea ndani ya jengo moja la ghorofa nne, simu mkononi, futi kamba mfukoni, daftari kwapani. Kila baada ya mita mbili nilisimama, nikaandika "korido ya kaskazini, kigae cha 14", nikasubiri simu isome nguvu ya kila ruta inayosikika, nikasogea. Kazi ilipokwisha, wenye jengo wakahamisha ruta tano na kuukata ukumbi mkubwa kwa kuta za jipsamu. Nusu ya daftari langu ikawa karatasi tu.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia kwa karibu njia za kuchora ramani ya mawimbi, ile inayoiwezesha simu kujua ilipo ndani ya jengo, bila mtu yeyote kuandika mahali aliposimama. Njia hizo zipo na zinafanya kazi. Ila zimezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli, na baadhi yake yanaweza kumgharimu mtu fedha au faragha yake.

Dhana: Kama hakuna aliyeiandikia mahali, kompyuta inabahatisha.

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, hata kwa mafundi wa mitandao. Chanzo chake kinaeleweka, maana njia ya zamani ilijengwa juu ya maandishi ya mkono. Mwaka 2000 watafiti wa Microsoft, Paramvir Bahl na Venkata Padmanabhan, walitoa mfumo walioupa jina RADAR. Walichukua ghorofa moja ya mita 43.5 kwa 22.5 yenye vituo vitatu vya mawimbi, wakapima sehemu 70, kila sehemu wakielekea pande nne, na kila upande wakikusanya sampuli zisizopungua 20. Piga hesabu: sampuli 5,600 kwa ghorofa moja. Walichovuna ni kumjua mtu alipo kwa kosa la kati (nusu ya makosa yako chini yake, nusu juu) la mita 2 hadi 3, sawa na upana wa chumba cha ofisi.

Njia mpya zinaipata taarifa ya mahali kwingine. Simu ina vitambuzi vinavyohisi mtikisiko wa kila hatua na kila unapogeuka. Ukitembea, inahesabu hatua, inajua umekata kona, na wakati huohuo inasikiliza ruta. Hesabu ya hatua peke yake hupotea upesi: ukikosea uelekeo kwa nyuzi 10 tu, baada ya mita 30 umeshahama mita 5 pembeni, uko chumba cha jirani.

Hapo ndipo jengo lenyewe linapoingilia kati, kwa kuwa mtu hapiti ukutani. Programu inaweka maelfu ya makisio ya mahali ulipo, kila kisio linatembea kama ulivyotembea wewe, na kila linalogonga ukuta linafutwa. Ukishakata kona mbili tatu yanabaki machache, mara nyingi yakiwa yamejikusanya pamoja. Mfumo wa Zee, uliotolewa mwaka 2012 na watafiti wa Microsoft walioko India, ulifanya hivyo ukidai kitu kimoja tu kutoka kwenye jengo: mchoro wa ghorofa. Na kuna jambo ndani yake ambalo hadi leo linanifurahisha. Programu ikishajua ulipo sasa, inarudi nyuma na kutambua ulipopita dakika kadhaa zilizopita. Vipimo vya WiFi ilivyovikusanya ikiwa bado imepotea navyo vinapata mahali pake.

Mwaka huohuo ulitoka UnLoc, ambao haukuhitaji hata mchoro. Mmoja wa walioutengeneza ni Moustafa Youssef, mtafiti wa Misri. Unafanana sana na namna tunavyoelekezana Kariakoo, ambako hakuna anayehangaika na namba ya nyumba: panda ngazi, pita duka la vitenge, kata kushoto penye mlango wa chuma. Lifti ina mtikisiko wake. Inapoanza kupanda unahisi umekuwa mzito, inapokaribia kusimama unakuwa mwepesi. Ngazi zina mdundo wake. Kuna kona ambayo dira huyumba kila siku kwa sababu ya chuma kilichomo ukutani. Kuna kieneo ambacho ruta fulani husikika hapo tu. Alama kama hiyo ikipitiwa na watu wengi, makosa ya hatua zao yanafutana, na mahali pake panajulikana vizuri zaidi kila anapopita mwingine. Ikishajulikana, nayo inasahihisha hatua za anayefuata. Cha kuanzia ni sehemu moja tu inayofahamika, kama mlango wa kuingilia. Katika maeneo matatu waliyojaribu, moja likiwa jengo la maduka, kosa la kati lilikuwa mita 1.69.

Kwa hiyo daftari bado lipo. Linaandikwa kwa miguu ya watu.

Dhana: Mistari ya WiFi kwenye simu inaonyesha umbali wa ruta.

Kwa kiasi kidogo mno. Nguvu ya mawimbi husomwa kwa desibeli, na desibeli hazihesabiki kama shilingi. Karibu na ruta utasoma kama -40, mbali utasoma -80. Ukiangalia haraka unaona tofauti ya mara mbili, kumbe nguvu imepungua mara 10,000. Mahali pa wazi, kuongeza umbali mara mbili kunakula desibeli 6. Sasa linganisha na walichokiona wale wa RADAR: mtu akigeuka tu, mwili wake ukakinga simu, kipimo kilibadilika kwa hadi desibeli 5. Yaani kuipa ruta mgongo kunaweza kufanana na kusogea karibu maradufu ya umbali. Bado hujahesabu ukuta wa zege, tangi la maji, au kabati la chuma.

Ndiyo maana mifumo mingi haijisumbui kutafuta umbali kutoka kwenye ruta. Inachukua mkusanyiko mzima wa ruta zinazosikika na nguvu za kila moja, na kuuliza: mkusanyiko huu unafanana na upi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, waliongeza wazo zuri sana katika mfumo wao wa LiFS wa mwaka 2012. Badala ya umbali wa kunyoosha rula, walitumia umbali wa kutembea. Vyumba viwili vinavyotenganishwa na ukuta viko karibu kwenye karatasi, lakini kwa miguu unatoka, unashika korido, unaingia tena. Ukizipanga sampuli zote kwa umbali wa hatua, korido inajitokeza yenyewe, kwa sababu ndiyo njia inayopitwa na kila safari kati ya vyumba.

Dhana: Ramani ikitoka, imekaa sawa.

Hapana, na kosa hili halionekani kwa macho. Ukijua tu kwamba sehemu hii iko mbali kiasi gani na ile, unaweza kuchora umbo sahihi kabisa la jengo ambalo limezungushwa, au limegeuzwa kama kwenye kioo: choo cha kushoto kimekuwa cha kulia. Umbali wote ndani yake uko sawa, wala hakuna hesabu itakayopiga kelele. Sehemu mbili zinazojulikana zinazuia kuzunguka. Ya tatu, isiyokaa kwenye mstari mmoja na hizo mbili, inazuia kioo. Ukitumia kitambuzi cha mzunguko cha simu, tatizo la kioo linaondoka, maana chenyewe kinajua kulia na kushoto. Kwa hiyo anayekuambia mfumo wake hauhitaji sehemu hata moja inayojulikana, muulize ameizuiaje ramani isipinduke.

Dhana: Lazima simu iwe imeunganishwa, na uwe na nenosiri.

Si kweli. Ruta nyingi hujitangaza karibu mara 10 kila sekunde kwa yeyote aliye karibu, na simu husikia tangazo hilo bila kuomba ruhusa ya kujiunga. Kuchora ramani ni kusikiliza tu.

Dhana: Data ikiwa nyingi, kila kosa litajirekebisha.

Makosa ya nasibu, yanayoangukia huku na kule, hufutana, ndiyo. Makosa yanayoegemea upande mmoja hayafutani hata ukileta watu milioni. Simu ya aina moja husoma chini ya nyingine palepale kwenye kigae kilekile. Ukichanganya bila kusawazisha, unapata ramani ya aina za simu. Njia inayosaidia ni kuacha namba kamili na kuangalia tofauti kati ya ruta, au mpangilio wao tu: nani anasikika zaidi ya nani.

Kuna kikwazo kingine kinachowashangaza wanaoanza. Kuanzia Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyo wazi kwenye skrini ya simu inaruhusiwa kutafuta mitandao mara 4 tu kila dakika 2. Hiyo ni mara moja kila sekunde 30, na mtu anayetembea mita moja kwa sekunde ameshapita mita 30. Android 10 ilileta kitufe cha kuondoa kikomo hicho, lakini kimefichwa kwenye mipangilio ya watengenezaji programu, na huwezi kuwaomba wapita njia wote wakakitafute. Wapita njia wanaojitolea watakuletea data nyingi iliyotawanyika, na lazima hatua zijaze mapengo.

Halafu ramani inazeeka. Miili ya watu ina maji na hunyonya mawimbi, kwa hiyo ramani ya usiku jengo likiwa tupu hailingani na ya mchana. Ruta inahamishwa, ukuta unajengwa. Faida kubwa ya njia hizi, kwa maoni yangu kubwa kuliko hata kuokoa gharama, ni kwamba ramani inajichora upya kadiri watu wanavyoendelea kupita. Ingelikuwa hivyo kwenye jengo langu, ruta tano zisingelinitia hasara.

Dhana: Bila lebo, yaani bila mtu kuandika mahali, maana yake hakuna taarifa binafsi.

Hapa nataka tusimame. Ukiondoa mpimaji wa kulipwa, kazi yake imehamia kwa mgonjwa anayetafuta maabara, kwa mwanafunzi, kwa mama anayenunua nguo. Njia ya mtu anayeingia kila siku saa mbili asubuhi na kuishia kwenye meza ileile haina haja ya jina. Yeyote anayefanya kazi pale atakuambia ni ya nani. Ndani ya hospitali ni mbaya zaidi, kwa sababu chumba unachoingia kinaweza kutaja ugonjwa wako.

Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataja taarifa za mahali miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Watu huniuliza kwa nini programu ya kuangalia WiFi inaomba ruhusa ya mahali kwenye Android. Inaomba kwa sababu orodha ya mitandao iliyo karibu nawe inatosha kuonyesha ulipo. Ukiwa mwenye ruta, unaweza kumalizia jina la mtandao wako kwa "_nomap". Google ilitangaza mwaka 2011 kwamba itaziacha ruta za namna hiyo nje ya hifadhi yake ya mahali.

Anayeunda mfumo kama huu ana uwezo wa kufanya vizuri. Hesabu ya hatua ifanyike ndani ya simu. Kinachotumwa kiwe vipande vifupi visivyounganishwa kuwa safari ya mtu mmoja. Na bango la mlangoni liseme kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba simu zinasaidia kuchora jengo, na namna ya kukataa.

Dhana: Futi kamba sasa ni ya kutupa.

Yangu bado ninayo. Mfumo unaojifunza bila lebo hauwezi kujipima wenyewe. Utakuambia una uhakika hata ukiwa umepinda. Lazima pawepo sehemu zilizopimwa kwa mkono na kufichwa mbali na mfumo, ili ziusute. Chache zinatosha, mradi zichaguliwe vizuri. Mimi huanza na mahali ambapo wapita njia hawafiki: ngazi za dharura, stoo, korido ya nyuma ya jiko. Kwenye ramani iliyochorwa kwa miguu ya watu, huko ndiko kwenye matundu, na huko ndiko kikosi cha zimamoto kitakakomtafuta mtu.