Je, wajua kwa nini injini ndogo ya rota hunywa mafuta mengi kuliko injini kubwa ya ndege?

Injini ya rota ya Mazda 13B, iliyofungwa kwenye baadhi ya magari ya RX-7, imeandikwa kuwa na ujazo wa lita 1.3. Ni ndogo kuliko injini za Toyota Premio zinazojaa barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Lakini ukiifunga kwenye ndege ndogo ya kujiundia, kama walivyofanya wajenzi kadhaa wa Marekani, inafanya kazi ya Lycoming O-320, injini ya pistoni ya ndege yenye ujazo wa lita 5.2, na mafuta inakunywa zaidi kidogo kuliko hiyo Lycoming. Hapo ndipo sifa ya ulafi ilipozaliwa. Ulafi upo kweli, ila ni mdogo kuliko unavyosimuliwa, na rubani ana njia ya kuufuta bila kugusa injini.

Tuanze na huo ujazo, maana ndio unaowapoteza watu. Kwenye injini ya pistoni, iwe ya boda aina ya Bajaj Boxer au ya Cessna 172 inayonguruma kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Kajjansi, karibu na Kampala, kila silinda huvuta hewa mara moja tu katika mizunguko miwili ya shafti. Injini ya rota ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, ikawaka kwa mara ya kwanza mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Haina pistoni wala vali. Ndani kuna kipande cha chuma cha pembe tatu, mbavu zake zimetuna kidogo, kikizunguka kwenye chumba chenye umbo la yai lililominywa kiunoni. Wakati ubavu mmoja unavuta hewa na mafuta, mwingine unabana na kuwasha, na wa tatu unafukuza moshi. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti imeshazunguka mara tatu. Kwa hiyo kila mzunguko wa shafti unapata mlipuko mmoja kutoka kwa kila rota.

Sasa piga hesabu. 13B ina rota mbili na huvuta lita 1.3 kila shafti inapozunguka. O-320 huvuta nusu ya ujazo wake, lita 2.6, kwa kila mzunguko. Lycoming hiyo imefungwa moja kwa moja kwenye propela na kikomo chake ni mizunguko 2,700 kwa dakika. Rota hukimbia zaidi na kupitia giaboksi ya kupunguza mwendo. Shafti yake ikifika 5,400 kwa dakika, injini inavuta hewa lita 7,000 na ushee, na Lycoming kwenye 2,700 inavuta kiasi hichohicho. Hewa ikiwa sawa, mafuta ya kuchanganya nayo yanakaribiana, na nguvu vilevile. Anayeilinganisha na Premio ameshika namba iliyoandikwa kwenye karatasi, akaiacha injini.

Tofauti inayobaki inatokana na umbo la chumba cha kuwashia. Kwenye silinda ya pistoni, mafuta huwaka katika nafasi ya duara iliyokusanyika. Kwenye rota, nafasi hiyo ni ndefu na nyembamba, na inasogea huku moto ukiwa bado unasambaa. Ukuta ni mwingi kwa kiasi cha gesi kilichopo, hivyo joto ambalo lingesukuma rota linaishia kwenye chuma, kisha kwenye maji ya rejeta. Pia moto hauwahi kufika mkiani mwa chumba, ndiyo maana kila rota huwekewa plagi mbili, moja mbele na moja nyuma. Hata hivyo sehemu ya mafuta hutoka haijaungua vizuri na kuendelea kuwaka kwenye ekzosi. Moshi wa rota huweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi, na bomba la kawaida la chuma halidumu hapo. Ongeza sili za kwenye ncha za pembetatu, ambazo huvujisha kidogo, na mafuta ya kulainisha yanayodondoshwa makusudi ili zisikwaruze ukuta.

Kwenye gari, kasoro hizi huonekana mbaya zaidi. Foleni ya Jinja Road mjini Kampala ni mahali pa mwisho pa kuipima rota: shafti inazunguka polepole, gesi inapata muda wa kuvuja, na moshi wa zamani unachanganyika na hewa mpya. Ndege haiendi hivyo. Ikishapanda, inakaa kwenye mzigo mzito ule ule kwa saa nzima, na huko ndiko rota inakofanya kazi yake vizuri.

Kwa makadirio ya kawaida, injini ya pistoni iliyopunguziwa mafuta vizuri safarini hutumia gramu 200 hivi za petroli kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Rota hutumia kama 230. Chukua ndege ya viti viwili aina ya RV inayohitaji nguvu farasi 100 kwenda kilomita 270 kwa saa. Ya pistoni itachoma lita 28 kwa saa, ya rota lita 32. Kutoka Kajjansi hadi Soroti kwa mstari ulionyooka ni kilomita 200 na kidogo, dakika 46 hivi angani. Ukitua Soroti, aliyefunga rota amemzidi mwenzake kwa lita tatu za mafuta.

Lita tatu hizo zinarudi kwa urahisi. Katika kasi za safari, nguvu inayohitajika kupasua hewa hupanda kwa mchemraba wa kasi, na mafuta kwa kilomita hupanda kwa kipeo chake cha pili. Mwenye rota akipunguza mwendo kwa asilimia 7, kutoka 270 hadi 250 hivi, atafika Soroti dakika tatu au nne baadaye na mafuta sawa na mwenye pistoni. Kwa hiyo mtu akikuambia ndege yake hutumia lita kadhaa kwa saa bila kutaja kasi, hajakuambia kitu.

Mchanganyiko wa hewa na mafuta nao una uzito. Viwanja vyetu viko juu: Entebbe ni mita 1,150 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa huko ni pungufu kwa kama asilimia 10. Rubani asiyepunguza mafuta anachoma petroli isiyo na hewa ya kutosha. Kwenye O-320 ya kabureta, silinda nne hazigawiwi sawa, na ukibana mafuta mno moja huanza kugoma kabla ya wenzake. Rota yenye mfumo wa kunyunyiza mafuta unaoongozwa na kompyuta huvumilia mchanganyiko mwembamba zaidi, na pengo linapungua tena.

Halafu kuna bei, na kwa nchi isiyo na bahari kama Uganda mimi naiona nzito kuliko gramu zote hizo. Avgas, petroli ya ndege yenye madini ya risasi, ni ghali na hupatikana viwanja vichache. Petroli ya gari iko kila mji. Rota haina vali ya moto ya kuchochea mafuta yalipuke kabla ya wakati, kwa hiyo petroli ya gari inaifaa, tena risasi ya avgas huchafua plagi zake. Sifa hiyo si yake peke yake: O-320 ya nguvu farasi 150, inayobana hewa kidogo, nayo imeruhusiwa kutumia petroli ya gari huko Marekani, na Rotax 912, injini ya pistoni ya ndege nyepesi, iliundwa kwa ajili hiyo.

Kama ningeunda ndege hapa, ningechagua Rotax kwa ndege nyepesi na Lycoming kwa nzito, kwa sababu isiyohusu mafuta kabisa. Mafundi wanaojua Lycoming wapo, maana ndiyo injini ya Cessna za mafunzo. Rota itakudai giaboksi, rejeta zenye mdomo wa hewa uliopimwa vizuri, ekzosi isiyoyeyuka na sailensa ya kuvumilia kelele zake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo utakachokikuta kimening'inia kwenye vibanda vya vipuri vya Kisekka.